Chupa ya Tatu ya Jilo

Vijana wangu, hasa nyinyi mnaoingia kazi ya kaunta sasa hivi, kufungua chupa si kazi. Hata tumbili anaweza kufundishwa kufungua chupa. Kuosha glasi isinuke mdomo wa mtu aliyetangulia, hilo nalo utalijua kwa wiki moja. Kazi yenyewe ni kumtazama mtu. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta moja hapa Garsen miaka ishirini na saba, nikatoka na magoti mabovu na masikio mazuri, na katika miaka yote hiyo kuna mtu mmoja niliyemtazama vibaya siku moja tu. Mchana kweupe, jua la utosi. Mpaka leo nikivuka mto nashika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili kama mgeni.

Watu huniita Mama Sidi. Wazazi wangu walitoka Magarini kuja kulima huku delta, na mimi nikakulia Idsowe. Kazi nilifundishwa na Bi Jumwa, mwenye baa, Mgiriama mwenzangu, mwanamke mfupi aliyeuza pombe maisha yake yote na hakuonja hata tone. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa akisema, "Mpika sumu halambi mwiko," kisha anacheka mwenyewe mpaka leso inamvuka.

Bi Jumwa alipoanza alikuwa na bia za kawaida na soda. Mnazi ulikuwa na wenyewe huko mitaa ya nyuma. Kisha, kabla mimi sijaingia kaunta, zikaja zile bia kali, chupa ya kahawia iliyokoza, lebo ndogo. Jina lake la kiwandani hakuna aliyelitumia. Tuliziita nzito. Mtu anaingia, anaweka kofia juu ya kaunta, anasema, "Nzito moja, moto," maana nzito watu wazima hawainywi ikitoka kwenye friji. Wanasema baridi inaiua.

Sitawadanganya kwamba ni kitu kibaya mdomoni. Mimi si kama Bi Jumwa, mimi nililamba mwiko. Rangi yake ni ya maji ya ukwaju, na inanukia sukari guru iliyoshika moto kidogo. Povu lake ni zito, linakaa. Haikwaruzi koo. Unameza, unangoja, halafu nyuma ya masikio panakuwa na joto kama mtu amekuwekea viganja vyake hapo. Mtu aliyeshinda matopeni akichimba mfereji, akinywa mbili za hiyo, anapumzika kuliko aliyekunywa tano za kawaida, na tumbo halijai wala hakimbii chooni kila dakika. Nimeona wanaume wakali wakilainika usoni wakawa kama watoto waliotoka kuogeshwa. Majuzi kijana mmoja hapa mtaani aliniambia, "Mathe, hiyo kali ndiyo inabamba." Kweli inabamba, inanoga. Asiyekiri hilo hajui anachokiuza.

Ubaya wake ni ule utamu. Bia ya kawaida humuumbua mnywaji mapema: anapiga kelele, anayumba, anamwaga, unamwona na unamtoa. Nzito inamwacha mtu amekaa wima. Anaongea kwa ufasaha. Anakusalimia vizuri kuliko alivyoingia. Lakini yeye mwenyewe hayupo.

Bi Jumwa ndiye aliyenionyesha hilo. Siku za kwanza nilikuwa natazama miguu. Akaniambia, "Miguu itakudanganya, mwanangu. Mpe neno." Nikamuuliza neno gani. "Lolote. Mwambie leo umenunua kambare mkubwa. Mwache robo saa, kisha umuulize, hivi nilikwambia nimenunua nini? Akijibu kambare, sawa, mpe maji, mpe muhogo, mambo yaendelee. Akikutazama kana kwamba umemuuliza jina la babu yake wa saba, funga. Miguu ipo, ulimi upo, lakini karani wa ndani ameshatoka. Hakuna anayeandika."

Nikaanza kuwapa watu maneno. Utashangaa. Mtu anakusimulia siasa za kaunti nzima, jina kwa jina, na kambare hamkumbuki.

Tena nikaona jambo lingine, ambalo Bi Jumwa hakupenda kulizungumza. Mtu ambaye karani wake ametoka haendi ovyo. Anakwenda mahali. Kulikuwa na mfanyakazi mmoja wa ofisi za serikali, mtu wa heshima zake, akamaliza tatu, akatuaga mmoja mmoja, akaenda nyumbani, akavua viatu mlangoni, akala wali uliokuwa mezani, akalala. Asubuhi akaamshwa na familia asiyoijua. Ilikuwa nyumba aliyokuwa amepanga miaka minne nyuma. Tulicheka mwezi mzima, na yeye alicheka nasi. Wenye nyumba walisema alipofika alijua hata komeo la dirisha linalokwama, akalinyanyua kwa kidole bila kutazama.

Halafu kulikuwa na mwalimu mstaafu. Huyo hatukumcheka. Alikunywa zake tatu Jumamosi adhuhuri, nami nikiwa bado mwanafunzi wa kazi, akatoka akaenda moja kwa moja hadi shuleni, akaingia darasani, akaanza kuita majina. Mlinzi alikuja kutusimulia. Alisema mwalimu anaita jina, anangoja kidogo, anatikisa kichwa, anaandika alama ya vema ubaoni. Darasa ni tupu, madawati matupu, yeye anaita na kungoja. Watoto wale ni watu wazima sasa, wengine wana wajukuu. Mlinzi akasema kuna jina moja, la mvulana aliyeliwa na mamba zamani, na hapo mwalimu alingoja zaidi kuliko kwa wengine. Kisha akatabasamu, akaweka vema.

Bi Jumwa aliposikia hayo aliinuka akaenda nyuma kupanga kreti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Aliporudi akaniambia sheria ambayo hakuwa amewahi kuniambia. "Mtu wa mto, nzito moja. Mwenye mtumbwi, mwenye kuvusha ng'ombe, moja tu. Hata akilia."

"Kwa nini moja?"

"Kwa sababu nimesema."

Mtu wa mto tuliyekuwa naye alikuwa Jilo. Mpokomo, mwembamba, mikono mirefu, amevusha watu tangu ujana wake. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo kwenye mkondo wa zamani, kabla mto haujahama na watu nao wakahama. Alikuwa akija Jumamosi, anasema, "Moto, Mama Sidi," anakunywa moja kimya, anarudisha chupa kaunta mwenyewe, anaondoka. Hakuwahi kuomba ya pili. Nilidhani ni kiasi chake. Baadaye nilijua kwamba yeye na Bi Jumwa walikuwa wanaogopa kitu kimoja.

Bi Jumwa alifariki. Mwanawe aliyekuwa Malindi akaniachia baa niiendeshe.

Sasa ikaja ile mvua ambayo nyote mnaikumbuka, barabara ya kwenda Idsowe ikazama, watu wakawa wanavuka kwa mitumbwi na boti. Ukitoka hapa unafuata nguzo za stima zilizosimama majini, unaziweka kulia kwako, mpaka unafika tuta la Idsowe. Dada yangu Kache alikuwa huko peke yake, maji yamefika mlangoni.

Siku hiyo Jilo aliingia saa sita mchana, amelowa mpaka kwapani. Amevusha watu tangu alfajiri. Mikono inatetemeka kwa baridi na nje jua linawaka. "Moto," akasema. Nikampa. Akaimaliza. "Moto," akasema tena.

Nikamwambia, "Jilo, unaijua sheria ya marehemu."

"Mama Sidi, leo nimemaliza. Ile boti ya injini imefika, itavusha waliobaki. Mimi nakwenda kulala kwa binamu yangu hapa mjini."

Nikamwonea huruma. Nikampa ya pili. Alipomaliza nikampa na ya tatu, bila yeye kuomba, na hili naomba mlisikie vizuri kwa sababu nimelisema kanisani na bado halijaniondoka: ya tatu nilimpa mimi. Wala sikumpa neno. Nilikuwa nachungulia dirishani, namuwaza Kache.

Saa nane wakaja wanawake wawili mlangoni. Mmoja alikuwa Mama Godana, Mworma anayeuza maziwa sokoni, na vyombo vyake vitupu. Mwingine msichana Ruthi, ametoka hospitali na mtoto wa siku nane. Injini ya boti imekufa, wakasema. Kuna mtu wa kutuvusha?

Kabla sijafungua mdomo Jilo alikuwa amesimama. "Nitawapeleka," akasema. Sauti safi kabisa. Akatoka, akashuka hadi majini, akaingia mtumbwini bila kuutikisa. Nilimtazama miguu. Miaka ishirini na saba, na nilimtazama miguu. Nikasema moyoni yuko sawa, nikafunga baa, nikaingia na mimi.

Tulikaa hivi: Ruthi na mtoto mbele, Mama Godana katikati na vyombo vyake, mimi nyuma karibu na Jilo aliyesimama na pondo lake refu la kusukumia mtumbwi. Mwanzoni yote yalikuwa shwari. Nguzo ya kwanza kulia, ya pili kulia. Kwenye nguzo ya tatu akakata kushoto, tukaingia kwenye matete.

"Jilo, nguzo ziko huku."

"Huku ndiko karibu," akasema kwa upole.

Matete yakajifunga nyuma yetu. Nilijua tumeingia mkondo wa zamani kwa sababu maji yalibadilika. Yale ya barabarani yalikuwa ya udongo, yanakwenda. Haya yalikuwa meusi, yametulia, na mawingu yamo ndani yake. Ndege walikuwa wengi kwenye matete, korongo na wale weusi wa kupiga mbizi, na hawakuruka tulipopita. Walitutazama tu. Mtoto wa Ruthi, ambaye alilia tangu mjini, akanyamaza.

Mama Godana aliniinamia. "Mama Sidi," akanong'ona, "hii mtu macho yake iko wapi?"

"Anatazama mto, mama."

"Hapana. Mto iko chini. Yeye nangalia juu ya maji. Nangalia watu."

Nikageuka nikamtazama Jilo usoni, jambo nililopaswa kulifanya tangu saa sita. Uso ulikuwa mlaini, mzuri, wa ujana kuliko wake halisi. Na hapo akasema, "Naam." Akapiga pondo mara mbili, akasikiliza. "Naam, naja." Sisi hatukusikia chochote. Hata maji yalikuwa hayalii.

Nikampa neno kwa kuchelewa. "Jilo, mimi nani?"

Akatabasamu. "Shangazi, kaa vizuri, tumefika." Jilo hajawahi kuniita shangazi maisha yake yote.

Palikuwa na mikuyu miwili mikubwa imesimama majini, na kwenye magome yake makovu ya kamba za mitumbwi, ya zamani, yameshaanza kufunikwa. Nyuma yake maji matupu tu, yameenea, yanang'aa. Hapo ndipo palikuwa kijiji chao. Jilo akauleta mtumbwi katikati ya ile mikuyu taratibu, kama anayeweka yai, akachomeka pondo kwenye matope, akanyoosha mkono.

"Mmoja mmoja," akasema. "Msikimbiliane. Watoto kwanza."

Mkono wake ukashika kitu, ukavuta, ukaachilia. Ukarudi tena. Akamwambia Ruthi, "Dada, sogea kidogo, mpishe mwenye mtoto." Na Ruthi akasogea. Simlaumu, na mimi ningesogea. Akajibana ubavuni, akabakisha nafasi kando yake, akaitazama ile nafasi huku amemkumbatia mwanawe na machozi yanamtoka bila sauti.

Tulipotoka mjini maji yalikuwa vidole vinne chini ya ukingo wa mtumbwi. Nikatazama. Vidole vitatu. Nimejieleza mara nyingi tangu siku hiyo: mtumbwi ulikuwa wa zamani, unavuja kidogo, nasi tulikuwa tumesogea wote upande mmoja. Ni maelezo mazuri. Wakati ule hayakunijia.

Kisha Jilo akainua mguu mmoja, akautoa nje ya mtumbwi, akautafutia pa kukanyaga. Alitaka kushuka kusaidia wazee kwenye ngazi ya udongo ambayo mto uliila zamani. Chini yake kulikuwa na kina cha watu wawili, na mimi nilikuwa nimeshaona mahali pawili patatu ambapo gogo halikuwa gogo. Angeshuka, mtumbwi ungepinduka naye.

Bi Jumwa alinifunza mengi kuhusu mtu wa namna hii. Usimwite jina kwa nguvu. Usimshike kwa nyuma. Usibishane naye kuhusu alipo, maana yeye anapaona na wewe hupaoni. Mwombe kazi inayofuata. Mlevi anayetaka kupigana mwambie akusaidie kuhamisha kreti, atahamisha. Nikatafuta sauti yangu ya kaunta, nikaipata.

"Nahodha," nikasema, "tumejaa. Wafikishe hawa Idsowe kwanza. Utarudi kuwachukua waliobaki."

Ule mguu ukasimama hewani. Akageuza uso, akanitazama mimi, au aliyekuwa mahali pangu, na ule ulaini ukatoka.

"Nilisema hivyo siku ile," akasema. "Siondoki na nusu."

Nilijua nimelitaja neno ambalo halikupaswa kutajwa, ingawa sikujua kwa nini. Mama Godana alikuwa ameanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Maji vidole viwili.

"Basi wachukue wote," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

"Mtumbwi utabeba?"

"Utabeba. Lakini uwapokee ukiwa ndani. Usishuke. Ukishuka nani atashika mtumbwi?"

Akafikiri. Kisha akaurudisha mguu ndani. Akawapokea. Kila mmoja alimwita kwa jina, na wa mwisho aliyempokea alimsemesha kwa Kipokomo, taratibu, muda mrefu, ameinamisha kichwa kwenye bega la kushoto. Nilikuwa nimekunja magoti mpaka kidevuni. Mama Godana ameweka vyombo vyake mapajani. Sisi watu wazima tulikuwa tumebanana kwenye mtumbwi uliokuwa na nafasi ya kutosha, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mguu.

Akang'oa pondo. Alituondoa pale kama anayeondoka na mzigo, akilisukuma pondo kwa kifua, akisimama kupumzika. Tulitoka kwenye matete, tukaziona nguzo za stima, na hapo ndipo mtoto wa Ruthi akalia tena. Sijawahi kusikia kilio kizuri namna hiyo.

Idsowe watu walikuwa wamesimama kwenye tuta, Kache akiwa miongoni mwao. Wakamwona Jilo anamteremsha Ruthi na mtoto wake, Mama Godana, kisha mimi. Wakamwona anageuka tena, ananyoosha mkono, anateremsha hewa. Watoto kwanza. "Pole, pole. Kanyaga hapa." Mzee mmoja wa Kipokomo aliyekuwa pale alivua kofia, akarudi nyuma hatua mbili, kama unavyowapisha watu njiani. Wengine wakafuata. Hakuna aliyecheka.

Alipomaliza Jilo akaketi kwenye ukingo, akainamisha kichwa. Baada ya kitambo akainua kichwa, akanitazama kwa macho yake mwenyewe, mekundu. "Mama Sidi," akasema. "Umefikaje hapa? Nipe maji."

Siku ya pili nilimweleza yote, nje ya nyumba ya Kache, uji mkononi. Nilipomaliza akanisimulia la kwake. Miaka mingi nyuma, mto ulipoingia kijijini kwao mchana kama huo, yeye ndiye aliyekuwa na mtumbwi. Alibeba watu wa kwanza, akawaacha Garsen, akawaambia waliobaki kando ya mikuyu, ngojeni, nitarudi. Alikuwa amelowa, meno yanagongana. Akaingia kwa Bi Jumwa kupasha mwili kwa chupa moja. Zile nzito zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuja. Akanywa mbili, akaweka kichwa mezani mara moja tu, kupumzisha shingo. Akaamka asubuhi.

"Bi Jumwa hakujua," akasema. "Hakuna aliyemwambia kuna watu wananingoja. Aliniona nimelala akanifunika leso."

Hapo nikaelewa zile kreti zilizopangwa mara mbili.

"Uliwahesabu?" akaniuliza. "Niliowapakia jana."

"Sita."

Akafunika uso kwa mikono yake mirefu. Aliowaacha kando ya mikuyu walikuwa sita, na wa sita ni mama yake.

Hajanywa tena. Nilimuuliza kama ni kwa kuwaogopa marehemu. Akasema hapana, hao ni watu wake. "Namwogopa yule anayeshika pondo wakati mimi sipo," akasema. "Anaujua mto kuliko mimi." Mimi nami nilimwambia mwana wa Bi Jumwa kwamba nzito sitauza tena. Akaona heri aajiri mwingine, tukaagana vizuri, na huko ndiko kustaafu kwangu. Siwaambii msiuze. Nyinyi mtauza, na watu watakunywa, na wengi watakwenda nyumbani wakalala usingizi mzuri. Wapeni chakula. Wapeni maji kabla hawajaomba. Wapeni neno, na mlidai. Na mwulizeni mtu anatoka hapo kwenda wapi, na nani anamngoja, kabla ya chupa ya kwanza, maana baada ya ya tatu atakayekujibu sijui ni nani.

Maji yalipopungua tulirudi kuvuka kama kawaida, na Jilo ndiye anayenivusha nikitoka kwa Kache kuja hapa mjini kliniki ya magoti. Hatuzungumzi sana. Lakini asubuhi moja, nikiwa peke yangu naye, maji yametulia, aliniuliza bila kunitazama.

"Mama alisema nini?"

"Sauti yake sikuisikia, Jilo. Nilisikia ya kwako tu."

Akapiga kafi mara tatu nne. "Mimi nilisema nini?"

Kipokomo nakielewa, nimekulia kwenu. "Ulisema, ndiyo mama, najua ni baridi. Shika bega langu."

Akaacha kupiga kafi. Akauleta mkono wake wa kushoto, akakiweka kiganja begani kwake, bega la kulia, akaligusa kama anayetafuta mahali panapouma.

"Hili?" akauliza.

"La kushoto," nikamwambia.

Akauhamisha mkono, akauacha hapo. Tukakaa hivyo, mtumbwi ukijiendea wenyewe na mkondo, hadi ulipogusa nyasi.